Jemadari na Mpagazi: Vita vya Wageni Katika Nyanda za Juu za Kusini

Katika vitabu vya elimu ya vita vilivyoandikwa Ulaya baada ya mwaka 1918, jina la Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa majeshi ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, limetajwa kwa heshima na mahasimu zake karibu sawa na walivyolitaja watu wa taifa lake mwenyewe. Naye amesifiwa hasa kwa jambo moja, kuwa kwa muda wa miaka minne na miezi mitatu alifukuzwa na majeshi ya dola tatu, Uingereza, Ubelgiji na Ureno, kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji na kutoka Msumbiji hadi Rhodesia ya Kaskazini, wala hakukamatwa. Sifa hiyo si ya uongo. Lakini iliandikwa na watu waliovitazama vita kwa macho ya mwenye kutoa amri, na mwenye kutoa amri huona ramani; aliyeko chini, ambaye kijiji chake ndicho ile nukta ndogo iliyotiwa kwa kalamu katika ramani hiyo, huona ghala lake likifunguliwa na watu asiowajua. Nakusudia katika makala haya kuvitazama vita vile kutoka mahali pa mtu huyu wa pili, na hasa katika nchi za Uhehe, Ubena, Ukinga na Unyakyusa, kwa sababu nchi hizo zilipitiwa na majeshi, yakienda na kurudi, mara kadhaa katika miaka miwili na nusu, na kwa sababu zilikuwa zimekwisha kujifunza, kabla ya Lettow-Vorbeck hajakanyaga bandari ya Dar es Salaam mwezi wa Januari 1914, kila fundisho ambalo yeye alikuja kusifiwa kwalo.

Maana sanaa ya kukimbizwa usikamatwe ilikuwa na mwalimu wake Uheheni. Tarehe 17 Agosti 1891, hapo Lugalo, mashariki ya Iringa, Mtwa Mkwawa aliwapiga Wajerumani kwa namna ambayo hawakupata kuiona katika nchi hizi: kikosi cha Emil von Zelewski kilikuwa kikipita kwa safu ndefu katika magugu na mawe, bunduki nyingi zikiwa hazijatiwa risasi, na mashujaa waliokuwa wamelala majanini wakainuka kwa pamoja, ikawa kwa dakika chache tu kamanda na wengi katika watu wake wamekufa. Ushindi huo ulimpa Mkwawa bunduki na fahari, lakini ulimpa pia imani katika kuta. Akajenga ngome yake ya Kalenga kwa mawe na udongo, akaingia ndani kumngoja adui, na tarehe 30 Oktoba 1894 adui akaja na mizinga, na kuta hazikufaa kitu. Tangu siku hiyo hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi huko Mlambalasi ili asitiwe mikononi mwa wageni, Mkwawa alipigana kwa njia nyingine kabisa: alitembea na watu wachache, alilala porini, alipiga na kutoweka, na wanakijiji walimpelekea chakula usiku na asubuhi wakaapa kwamba hawakumwona, ingawa zawadi ya rupia 5,000 ilikuwa imetangazwa kwa atakayeleta kichwa chake.

Aliyepewa kazi ya kumsaka alikuwa Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, ambaye mwaka 1896 alijenga boma la Iringa ya sasa. Na Prince alitambua upesi kwamba mtu wa namna hiyo hashindwi kwa kufuatwa yeye, bali kwa kufuatwa wanaomlisha. Akatwaa vyakula vya vijiji vilivyoshukiwa, akachukua wanawake na mifugo, akahamisha watu kutoka mabonde ya maficho, akamsimamisha Mpangile nduguye Mkwawa kuwa mtawala, na miezi miwili haikutimia kabla hajamnyonga kwa tuhuma ya kuwa alikuwa akimsaidia nduguye kwa siri. Miaka 8 baadaye, Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, tadbiri hiyo ya kuvunja ghala kabla ya kuvunja jeshi iliondoka Uheheni ikatandazwa juu ya kusini yote. Mashamba ya Ungoni na ya sehemu za Ubena yalichomwa kwa makusudi, na wengi wa wanahistoria hukadiria waliokufa, zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi, kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wahehe wengi hawakuingia katika vita hivyo, na baadhi yao walipigana upande wa Serikali. Lakini mtu hakosi kuona kwa kuwa hakuguswa, na kila mzee wa Iringa, wa Njombe na wa Mahenge alijua, ilipofika mwaka 1914, kwamba Mzungu akipigana katika nchi hii, silaha yake ya kwanza ni chakula cha mwenyeji.

Vita vilivyoanza mwaka huo vilikuwa vya wageni kwa maana iliyo kamili, kwa kuwa sababu yake ilikuwa mbali, mahasimu wake walikuwa wageni wote wawili, na hukumu yake ilitolewa Ulaya. Na hata kati ya wageni wenyewe haikukubaliwa kwa sauti moja kwamba ilikuwa lazima vipiganwe huku. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umeacha mlango wazi kwa nchi za bonde la Kongo na za jirani kuwekwa nje ya ugomvi wa mataifa, na Gavana Heinrich Schnee, ambaye kwa sheria ndiye aliyekuwa mkubwa wa koloni katika mambo ya raia na ya askari, alitamani mlango huo utumike. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa chini yake, alikuwa na rai iliyo kinyume, kwamba koloni haliwezi kuokolewa kwa hali yoyote ile na kwa hiyo faida yake pekee ni kuwavuta askari wengi wa Kiingereza kadiri iwezekanavyo wasiende kupigana Ufaransa. Gavana alikuwa na sheria, jemadari alikuwa na bunduki, na baada ya ushindi wake wa Tanga mwezi Novemba 1914 hakuna aliyeweza kumzuia tena. Katika mapigano hayo ya Tanga alikufa Tom von Prince mwenyewe, na sina shaka kwamba habari hiyo ilipofika Kalenga haikuwaliza wengi.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa palikuwa na mtu mmoja aliyesema hadharani yale ambayo wengine waliyanong'ona. John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland, baada ya kuona damu ya Waafrika ilivyomwagika katika mapigano ya Karonga tarehe 9 Septemba 1914, aliandika barua katika gazeti la huko akihoji kwa nini wenyeji waitwe kufa katika ugomvi usiowahusu, ambao matajiri na wenye kufaidika nao wangeweza kuupigana wenyewe. Serikali ikaizuia barua hiyo, na mwezi Januari 1915 Chilembwe akaasi, na mwezi uliofuata akauawa. Upande huu wa mpaka, Unyakyusa na Ubena, hakuna barua ya namna hiyo iliyoandikwa, na vita kwa mwaka mmoja na nusu vilikuwa ni habari za mpakani tu: meli ya Wajerumani iliyokamatwa ziwani mwezi Agosti 1914 hata kabla nahodha wake hajapata habari kwamba pana vita, doria zilizovuka Mto Songwe na kurudi, na vijana waliochukuliwa kuchukua mizigo.

Hali ilibadilika tarehe 25 Mei 1916. Siku hiyo Brigedia-Jenerali Edward Northey, afisa aliyekuwa amejeruhiwa katika vita vya Ulaya kabla ya kuletwa Nyasaland, alivuka mpaka kwa safu nne, tangu ncha ya Ziwa Nyasa hadi karibu na Ziwa Tanganyika, akiwa na askari wa Keya (yaani King's African Rifles), askari polisi wa Rhodesia na Wazungu wa Afrika Kusini, jumla wasiozidi 3,000. Boma la Neu Langenburg, yaani Tukuyu, likachukuliwa katika siku chache. Mji wa Mbeya ulikuwa bado haujakuwako, nao haukuanzishwa mpaka mwaka 1927, kwa hiyo aliyeshika Tukuyu alishika mlango wote wa nchi ile. Kutoka hapo Northey alipanda milima kwenda Njombe katika majira ya baridi, akawapiga Wajerumani chini ya Kapteni Braunschweig hapo Malangali tarehe 24 Julai, na tarehe 29 Agosti akaingia Iringa. Wamisionari Wajerumani, wa Moravian huko Rungwe na wa Berlin huko Ubena na Ukinga, waliondolewa na kufungwa, na sharika zao zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, ambao baadaye walisaidiwa na Waskoti wa Livingstonia. Wako wanaosema, nami nakubaliana nao, kwamba Kanisa la Nyanda za Juu lilikuwa la wenyeji katika miaka hiyo kabla halijaitwa hivyo kwa katiba yoyote. Uheheni, Waingereza hawakupokewa kama wageni wa kuogopwa. Miaka 18 tu ilikuwa imepita tangu kifo cha Mkwawa, waliomjua walikuwa bado hai, na yeyote aliyekuja kumwondoa Mjerumani katika boma la Sakarani alikuwa amekwisha kupata nusu ya msaada anaouhitaji kabla ya kuuomba.

Tufanye hapa hesabu moja ambayo majemadari wote wa vita vile waliifanya, ingawa ni wachache waliopenda kuiandika. Kutoka Mwaya, bandari iliyoko ncha ya kaskazini ya ziwa, mpaka Iringa kwa kupitia Tukuyu na Njombe, ni safari ya majuma matatu kwa mtu mwenye mzigo. Tuseme mpagazi amebeba ratili 60 za unga, na ya kuwa anakula ratili mbili kwa siku. Akifika Iringa amekwisha kula zaidi ya ratili 40. Akirudi atahitaji 40 nyingine. Kwa hiyo mtu huyo, kama atakula katika mzigo wake, hapeleki kitu, bali anadai. Magari yalikuwa machache na barabara zake ndiyo kwanza zikichimbwa, na punda na farasi waliuawa na mbung'o katika mabonde. Ikawa hapana njia ila mbili: kuweka maghala ya chakula kila baada ya siku chache za safari, yakijazwa na wapagazi wanaopokezana, na kukipata chakula hicho, kadiri iwezekanavyo, papo hapo, kutoka katika mahindi, ulezi, maharage na viazi vya wenyeji, kwa kununua ikiwa pana fedha na kwa kuchukua ikiwa hapana. Anayeisoma ramani ya vita hivi bila ya kuijua hesabu hii atashangaa kwa nini mapigano makali yalitokea mahali ambapo hapana mto, wala daraja, wala mji. Yalitokea ghalani.

Na mtu aliyekuwa chini ya ratili hizo 60 alikuwa nani? Wengine walijiandikisha kwa ajili ya ujira na kodi, wengine walitolewa na majumbe kwa idadi waliyoagizwa, wengine walikamatwa njiani. Upande wa Nyasaland waliitwa tenga-tenga. Wengi walitoka katika nchi za joto, kando ya ziwa na mabondeni, wakapandishwa Ukinga na Njombe, kwenye baridi ya kuumiza na mvua isiyokatika, wakiwa na blanketi moja ambalo likilowa halikauki. Walipewa unga bila ya sufuria za kutosha wala muda wa kuupika ukaiva, na unga mbichi ukawaletea kuhara damu, maradhi yaliyoua wapagazi wengi kuliko bunduki zote za Lettow-Vorbeck. Katika upande wa Uingereza peke yake, idadi iliyokubaliwa na Serikali ya wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki ni kama 95,000, na wenye kuichunguza wanaamini kuwa waliozidi hapo ni wengi. Upande wa Ujerumani haukuacha daftari la kutegemewa hata kidogo, jambo ambalo katika jeshi lililohesabu kila risasi ni ushahidi wa aina yake.

Kisa kinachoonyesha mambo haya yote kwa pamoja ni kile cha Jenerali Kurt Wahle. Mzee huyu alikuwa amekwisha kustaafu. Alikuja Afrika mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamkuta huku, akajitoa kutumika chini ya Lettow-Vorbeck ingawa kwa cheo alimzidi, na katika majeshi ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Alipewa ulinzi wa magharibi, na Wabelgiji walipoitwaa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, alikata shauri la kuwaongoza watu wake kusini na mashariki, mamia ya maili, ili aungane na wenzake waliorudi nyuma upande wa Mahenge. Kati yake na Mahenge alikuwako Northey, amenyooka kama uzi kutoka Tukuyu hadi Iringa, na uzi huo ulikuwa ni ule ule wa maghala niliouhesabu hapo juu.

Wahle hakuwa na la kufanya ila kuukata, kwa kuwa watu wake walikuwa na njaa na mbele yao ndiko kulikokuwa na chakula, lakini cha adui. Mwishoni mwa Oktoba safu zake zilitokea nyuma ya Iringa, zikakata waya wa simu, na kituo cha Ngominyi, kusini ya Iringa, kikazingirwa na kuanguka. Mwezi wa Novemba aliizingira Malangali, ambayo wasomaji wengi leo huijua kwa shule yake, na iliyokuwa wakati huo ghala kubwa lililolindwa na askari wachache. Wakashambuliwa siku kadhaa, sehemu ya vyakula ikateketea kwa moto, lakini hawakusalimu amri mpaka waliposaidiwa. Lupembe nayo ilipigwa vikali ikasimama. Hapo ndipo Wahle aliposhindwa: hakushindwa katika uwanja wa vita, maana safu zake zilipenya na yeye mwenyewe akafika upande wa Mahenge, ila alishindwa kuchukua ghala hata moja kubwa likiwa zima, na kila siku aliyoitumia mbele ya Malangali ilikuwa ni siku ambayo watu wake walikula kidogo zaidi. Kikosi chake cha nyuma chini ya Hübener, kilichokuwa kikikokota mzinga mkubwa kwa nguvu za watu, kilizingirwa Ilembula na kusalimu amri tarehe 26 Novemba, na wengine wengi walidondoka njiani kwa njaa, kwa maradhi, au kwa kuamua kwamba vita hivi vimetosha.

Northey alisifiwa kwa kisa hiki, na kwa haki fulani. Aliwekwa katika hatari kwa kunyooshwa mno, akapata maonyo yaliyochelewa, wala hakutawanyika. Aliwaacha wakuu wa vituo vyake vidogo washike mahali pao bila ya kungoja amri ya kila saa, na hiyo ni sifa isiyopatikana kwa majemadari wengi. Lakini wanaomsifu husahau kusema kwamba macho yake yalikuwa ni ya Wahehe na Wabena, waliomletea habari za kila safu iliyopita, wakati Wahle alipita katika nchi ambayo watu wake wanamchukia au, kwa uchache, hawamwambii kitu. Lettow-Vorbeck na makamanda wake walipigana vita vya Mkwawa bila ya kuwa na wale waliomfanya Mkwawa asikamatwe. Kilichomlisha Mkwawa usiku ni utii uliochanganyika na mapenzi na, tusifichane, khofu pia. Kilichowalisha hawa ni ncha ya bunduki tu, na ncha ya bunduki hupata mahindi ya mwaka huu lakini haipati ya mwaka ujao, kwa sababu mkulima aliyenyang'anywa mara mbili hapandi tena kando ya njia. Hufunga mbegu zake akahamia mlimani.

Ilipofika mwisho wa mwaka, Jenerali Jacob van Deventer, Kaburu aliyekuwa ameteremka kutoka Kondoa na Dodoma, alipelekwa Iringa kumaliza kazi. Aliianza siku ya Krismasi, mvua zikaianza pamoja naye. Mto Ruaha Mkuu ukafurika, njia ya Dodoma hadi Iringa ikageuka matope, na jemadari mwenye askari tele akajikuta hana la kuwalisha. Sehemu kubwa ya jeshi lake ilirudishwa kabla ya kumfikia adui. Jeshi kubwa lilishindwa na njia, pasipo risasi, na sijui kwa nini kisa hiki hakitajwi zaidi na wale wanaohesabu ushindi wa Lettow-Vorbeck, maana mvua ya Iringa ilimfaa kuliko makamanda wake wengi.

Mwezi wa Februari 1917 Kapteni Max Wintgens, mmoja wa waliokuja na Wahle, alijitenga na watu wapatao 500, akaishambulia misheni ya Tandala huko Ukinga, kisha akageuka kaskazini magharibi, akapita upande wa Ziwa Rukwa kuelekea Tabora, bila ya amri ya mkubwa wake. Yeye alisalimu amri mwezi Mei kwa sababu ya homa. Msaidizi wake Naumann aliendelea hadi mwanzo wa Oktoba, akifukuzwa na maelfu katika nusu ya nchi. Kwa elimu ya vita, ilikuwa safari ya ajabu. Kwa kijiji alichokipita, ilikuwa ni kunyang'anywa na anayekimbia Jumatatu, na kutozwa na anayemkimbiza Jumatano.

Lettow-Vorbeck mwenyewe hakuiona Njombe mpaka vita vilipokaribia kwisha. Alikuwa amevuka Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917, akakaa Msumbiji miezi kumi, na mwisho wa Septemba 1918 akavuka kurudi. Alipopita Ungoni, wapagazi na askari wengi wenyeji wa huko waliuona moshi wa kwao, wakaondoka usiku, na jemadari aliyejivunia utii wa watu wake hakuweza kuwazuia. Njombe alimwacha mzee Wahle, aliyekuwa mgonjwa, pamoja na wagonjwa wengine, ili waokotwe na Waingereza. Kisha akashika njia ya magharibi kupitia Mbozi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, akajaribu kuitwaa Fife akashindwa, akafika Kasama. Habari za kusimamishwa kwa vita Ulaya zilimpata kando ya Mto Chambeshi tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya vita kukoma, na tarehe 25 Novemba 1918, mjini Abercorn, aliweka silaha akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168. Gavana Schnee, aliyetaka koloni lisiingie vitani, alikuwa amesimama hapo pamoja naye, amefuatana na safu hiyo safari yote.

Njiani safu ilikuwa na msafiri mwingine. Homa ya mafua iliyozunguka dunia mwaka huo iliwashika watu wake wengi, na haikusalimu amri Abercorn. Ilienea katika vijiji ambavyo ghala zake zilikuwa tupu, na watu ambao miili yao ilikuwa imedhoofika kwa miaka miwili ya kupungukiwa. Ugogo, kaskazini ya Uhehe, palikuwa na njaa kuu ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyotokana na ukame juu ya ng'ombe na nafaka zilizokwisha kuchukuliwa na majeshi yote mawili. Ludwig Deppe, tabibu aliyetumika katika jeshi la Lettow-Vorbeck, aliandika baada ya vita, kwa uchungu usio wa kawaida kwa mtu wa upande wake, kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa itakayofuata.

Je, lengo alilojiwekea jemadari lilipatikana? Aliwavuta askari wengi, ni kweli. Lakini wengi wao walikuwa Wahindi, Makaburu, na zaidi ya yote Waafrika wa Keya, wa Nigeria, wa Gold Coast na wa Rhodesia, ambao wengi katika hao wasingepelekwa Ufaransa kupigana hata kama Afrika ya Mashariki ingekuwa na amani. Hesabu ya vita vya Ulaya haikubadilika kwa sababu ya Malangali. Kilichobadilika ni Malangali. Mimi naona kwamba Lettow-Vorbeck alikuwa fundi hodari wa kazi ambayo haikustahili kufanywa, na ya kuwa Schnee, mtu asiye na mvuto, ndiye aliyekuwa na rai iliyo karibu zaidi na haki; ingawa ni lazima niongeze kwamba hakuitetea rai hiyo kwa sababu ya kuwahurumia wapagazi.

Waliofaidika walikuwako. Northey alifanywa Gavana wa Kenya mwaka 1919, na katika mwaka huo huo akatoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, waraka uliozusha ghasia kubwa hata London. Mtu aliyejifunza katika milima ya Ukinga kwamba mabega hupatikana kwa kumwagiza jumbe hakulisahau fundisho hilo alipopanda cheo. Wahehe nao walipata ahadi. Horace Byatt, aliyeitawala nchi kwa niaba ya Uingereza, alipeleka rai kwamba fuvu la Mkwawa, lililosemekana kuchukuliwa Ujerumani, lirudishwe kwao kwa kuwa walikuwa wamewasaidia Waingereza vitani. Na hivyo Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioandikwa kugawa milki na kutoza fidia za dola kubwa, ukawa na kifungu cha 246 kinachotaja fuvu la mtu mmoja wa Kalenga. Lilitakiwa katika miezi sita. Lililetwa na Gavana Edward Twining mwaka 1954.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Lettow-Vorbeck, mzee wa miaka 83, alikuwa amerudi kuitembelea Afrika ya Mashariki na kupokewa na askari wake wa zamani. Alikufa mwaka 1964, na mwaka huo huo Bunge la Ujerumani ya Magharibi likaidhinisha kwamba askari waliosalia walipwe mishahara yao ya vita, iliyokuwa haijalipwa kwa karibu nusu karne. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Upande wa Waingereza, mishahara ya wapagazi waliokufa bila ya ndugu zao kujitokeza iliombwa na Serikali ya Kenya itumike kwa manufaa ya wenyeji, na Hazina ya London ikakataa. Na masanamu ya kumbukumbu yaliyosimamishwa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, lile la Dar es Salaam mwaka 1927, hayakuandikwa jina la mpagazi hata mmoja, kwa sababu wenye kuyajenga walikuwa wamekata shauri tangu mapema kwamba majina hayo hayatatafutwa.